Zilpah wa Karungu na Karai la Omena

Zilpah wa Karungu alikuwa na hamu moja tu, na usidhani ni hamu ya muziki. Alitaka kusikia sauti ya mama yake. Homa ya uti wa mgongo ilimziba masikio akiwa na miaka ishirini na mitatu, na kwa miaka tisa mama Eucabeth akawa kwake mdomo unaochezacheza tu. Baadaye hata mdomo ulitulia, maana wawili hao walijitengenezea lugha ya mikono: kidole kidevuni ni chai, kiganja shavuni ni pole. Wenzao wa ufuoni mwa ziwa walizoea. Zilpah hakuzoea, hata kidogo.

Baada ya harambee ya kanisa, madaktari wa Nairobi wakampandikizia waya mwembamba ndani ya sikio, wa kuusisimua mshipa wa fahamu kwa umeme. Nje akapewa mashine ndogo ya nyuma ya sikio, na kidude cha duara kinachong'ang'ania kichwani kwa sumaku. Siku ya kuiwasha, mhudumu alimwonya kuwa ubongo hujifunza upya, polepole. Kweli, kila mtu alisikika kama redio ya betri inayokufa. Zilpah akajiambia, si neno, sauti ya mama nitaijua tu.

Akafika nyumbani. Mama akamkumbatia, akalia, kisha akaweka kidole kidevuni. Ee jamani, mtu ametoka Nairobi na masikio, anakaribishwa kwa kidole! Zilpah akamwomba aseme japo neno moja, mama akatikisa kichwa na kukimbilia jikoni. Siku tatu mama alikuwa bubu, na Zilpah akaumia kuliko miaka yote tisa.

Siku ya nne Zilpah alikuwa akijitwika karai la omena, visamaki vya ziwani, kwenda kuwaanika, ukingo ukapita karibu na sikio. Kidude kikaruka, kikaganda kwenye chuma. Kimya. Akageuka amwonyeshe mama, akamkuta nyuma yake, midomo inacheza. Mama akafumba mdomo kama mtu aliyefumaniwa.

Zilpah akatua karai, akabandua kidude, akakirudisha kichwani.

"Mama, ulikuwa unasema nini?"

Eucabeth alipangusa mikono kwenye leso muda mrefu.

"Nilikuwa nakuita. Miaka yote hii nakuita ukinipa mgongo, nangoja ugeuke. Leo nimeona hicho kitu kimetoka, nikajua husikii. Naogopa utanisikia na usinijue."

Na kweli hakumjua. Sauti ilikuwa nyembamba, ya bati, ya mtu baki. Ile nzito aliyoililia miaka tisa haikuwamo, na machozi yakamtoka mbele ya mama bila kujificha.

Kisha akageuka, akampa mama mgongo, akalitazama ziwa.

"Zilpah," ikaita sauti ngeni.

Akageuka.