Daktari mwenye jina la seremala

Tulipokimbia vita vya Kismayu, mume wangu, fundi wa mashua, alifika kambini Mombasa kidole kimevimba kama ndizi. Kilichomwa na msumari njiani. Daktari, kijana mwembamba wa Kibengali, akasema kisipopasuliwa leo mkono wote utakwenda. Mzee akauficha kwapani, akafoka kwa lahaja ya kwetu:

"Mchu nisomjua hanikati!"

Nikamuuliza daktari jina lake, nijue wa kumlaani. Akasema ni Sutradhar, yaani mshika uzi, jina la maseremala wa kwao. Babu zake walipaka uzi rangi, wakauvuta juu ya ubao na kuufyatua, wakapata mstari wa kupitisha msumeno.

Mzee akageuka. "Rangi gani? Sisi twapaka makaa."

"Hata makaa, babu," daktari akajibu, akifyatua uzi usiokuwepo kwa vidole viwili.

Mzee akaulaza mkono mezani. "Haya, mwanangu, kata. Lakini piga mstari kwanza."

Daktari akachukua kalamu, akauchora, akapasua. Kidole kikapona.

Basi, wasomaji, mimi nimeolewa na mzee huyu tangu usichana, na hata kucha hajaniachia nimkate.