Niliyemkaribisha Chumba cha VIP

Wiki iliyopita, kwenye boti ya asubuhi kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam, nilikaa chumba cha VIP kwa mara ya kwanza. Tiketi yangu niliikagua mara tatu, nikihofu nimekosea mlango. Viti vilijaa vyote, na mlango ulifungwa kwa ajili ya kiyoyozi.

Mara ukabishwa. "Hodi wenyewe!"

"Karibu!" nikajibu kabla sijafikiri.

Akaingia bibi mmoja mtu mzima, akavua kandambili mlangoni, akasimama akitafuta pa kukaa. Mhudumu akaitazama tiketi yake.

"Shikamoo, bi. Hii yako ya chini."

"Marahaba. Kule chini nnatapika, mwanangu. Na hapa nshakaribishwa. Mtu hakaribishwi kisha akafukuzwa."

Mhudumu akatugeukia. "Nani kamkaribisha?"

Abiria wote wakainamia simu zao. Nikanyoosha kidole.

"Basi huyu mgeni wako," akaniambia kwa upole. "Utamweka wapi?"

Nikasimama. Bibi akakaa, akanyoosha miguu, akaniombea dua ndefu. Nikashuka chini, ambako viti vilikuwa tele. Mhudumu wa huko akaisoma tiketi yangu mbele na nyuma, akatikisa kichwa.

"Dada, wewe VIP. Huku huruhusiwi."

Nilidhani boti ina madaraja mawili. Kumbe yapo matatu: la juu, la chini, na la waliofunzwa adabu na mama zao. Hao husafiri wamekaa kwenye ngazi.