Maman Alipotia Alama Visanduku Viwili

Walisema sitafika. Papa Kalenga, mzee wa kanisa letu pale Saint-Josse, hapa Brussels, alisema mbele ya kwaya nzima: "Huyu mutoto anauliza sana. Bon, kichwa yake itapasuka mbele ya kupata diploma." Kichwa hakikupasuka. Diploma ya jiolojia ninayo, imetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuitazama. Nimefanya kazi miaka minane kwenye migodi ya Lubumbashi, na nimerudi Brussels kwa tiketi niliyojilipia mwenyewe. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anazungumza na nani.

Enzi zetu, nyinyi mliosoma shule za serikali hapa mnakumbuka, darasa lilivunjika kila wiki saa ya dini ilipofika. Kengele ikilia, Fatiha anakwenda chumba cha Uislamu, wengine kwa Wakatoliki, Espérance wa jirani yetu kwa Waprotestanti, na waliobaki kwenye somo la maadili, ambalo halikumtaja Mungu. Korido ilinuka makoti mabichi ya mvua na maganda ya machungwa. Kila Septemba wazazi walijaza fomu: tia alama kisanduku kimoja.

Maman alitia viwili. Yeye Mprotestanti, baba yangu Mkatoliki, na mwanamke wa Likasi, kule Kongo, hamwaibishi mumewe kwenye karatasi ya watu. "Mungu ataelewa," alisema. Huenda Mungu alielewa. Shule haikuelewa. Iliandika barua kwamba fomu imeharibika, mtoto atakaa kwenye maadili mpaka irekebishwe. Barua zote za nyumbani nilizisoma mimi, kwani Kifaransa cha Maman kilikuwa cha sokoni. Nilimwona amechoka, bado amevaa aproni ya kazi, nikasema: "Banasema iko sawa."

Uongo huo uliniponza. Kila Alhamisi, siku ya somo la dini, akisonga bukari, ugali wetu wa Katanga, Maman aliuliza: "Leo balikufundisha nini juu ya Mungu?" Naye alikuwa ameshaapa: "Siku nitasikia unakimbia dini, utarudi Likasi kwa nkambo yako." Bibi nilimpenda, lakini Likasi sikuijua. Basi nikawa naazima daftari la Espérance. Nilikaa jikoni nikasoma siku sita za uumbaji kwa sauti ya mhubiri, huku makayabu, samaki wa chumvi, yakichemka na mvuke wa chumvi ukiniwasha macho.

Tatizo ni kwamba masikio yangu yalikuwa yametoka kusikia mambo mengine. Mwalimu wa maadili, Madame Claire, alinipa kijiwe chenye alama ya kombe la baharini. "Nakuazima," alisema. Kilichimbwa hapa hapa mjini, maana bahari iliwahi kuifunika Brussels kabla hajakuwepo mtu yeyote. Nikauliza kama ndiyo gharika ya Nuhu. Akasema nimwulize mwalimu wa dini. Nikamtuma Espérance, mwalimu wake akasema hilo ni la sayansi. Wa sayansi akasema hilo ni la nyumbani. Nyumbani nisingeweza kuuliza bila kujulikana nimelitoa wapi. Swali langu lilizunguka koridoni mwaka mzima kama mtoto aliyesahau chumba chake. Kanisani nilisali nimekishika kijiwe mfukoni, sijui kama namwomba Mungu anisamehe au anieleze.

Mwezi huu binti yangu ameleta fomu ileile. "Papa, tia alama popote," alisema, macho kwenye simu. Nikamwuliza bahari ilitoka wapi. Simu ikamjibu kabla sijafunga mdomo, naye akarudi kwenye video ya mtu anayepaka paka rangi. Mimi mwenye diploma, kalamu ikanishinda. Habari ya kuumbwa ifundishwe shuleni? Nikisema ndiyo, iwe kwenye chumba cha nani? Nikisema hapana, mimi ningeazima wapi?

Nikaona nirudishe kwanza vya watu nilivyokaa navyo miaka yote. Daftari Espérance alilipokea mlangoni kwake, bado amevaa sare ya uuguzi: "Msomi, ulikuwa unalikariri ao unalila?" Kijiwe nilikipeleka mtaa wa Forest, kwa Madame Claire, ambaye amestaafu. Mwisho nikaenda Berchem-Sainte-Agathe kwa Maman, nikamweleza yote: barua, daftari, kijiwe, bahari.

"Ya daftari nilijua," alisema, akichambua sombe, majani ya muhogo. "Kidole yako ilikuwa inafunika jina kila Alhamisi. Muntu anafunika jina yake mwenyewe?"

"Na haukunirudisha Likasi?"

"Ile fomu, njo miye niliiharibisha. Alors, nikuazibu juu ya kosa yangu?" Akasukuma majani kando. "Lakini ile bahari. Ilikuwa ya Nuhu ao hapana?"

Nilianza kumjibu kisomi, tabaka za mchanga na umri wa mawe, nikamwona ananitazama kama nilivyokuwa nikimtazama Madame Claire. "Diploma inasema hapana, Maman," nikasema. "Miye, sijui."

"Donc tuko babili," akasema, akanipa kisu nimsaidie.

Fomu bado iko mezani. Binti yangu hajawahi kuazima jibu kwa mtu, na hadaiwi na yeyote. Jioni ile na mimi nilikuwa sidaiwi tena. Nilisimama kungoja tramu, mfuko mwepesi, na mkono wangu ukawa unakitafuta kijiwe.