Kitambaa cha Mwenye Joho

Nasema mapema: rafiki yangu si mwongo. Anayetaka kubisha aje, lakini asikilize kwanza.

Rafiki yangu ni Msumbwa wa Masumbwe, dobi wa Wazungu wa mgodi kule Geita. Mimi natoka Didia, nilikuwa nasukuma magari ya mawe. Siku moja, ndani ya nguo chafu, akakuta kitabu cha picha. Kurasa zote mtu mmoja tu: joho jekundu mgongoni, kitambaa usoni kimebakiza macho, anaruka juu ya majumba na kupiga watu wabaya.

Kiingereza hatukijui, basi dobi akasoma picha. Kila Jumapili wachimbaji wanakaa na ugali wao, yeye anafungua kitabu na kusimulia. Majumba yakawa majabali ya kwetu. Watu wabaya wakawa manyapara. Vile vidude vyeupe vyenye maandishi vilivyomtoka mdomoni akatuambia ni moshi wa dawa. Mtu akauliza, "Huyu chini ya kitambaa ni nani hasa?" Dobi akajibu palepale, "Mtu wa kwetu. Unadhani kwa nini anajificha?"

Nani angebisha? Kitabu kizima hakukivua kile kitambaa. Nimepekua mwenyewe.

Kitabu kikachakaa, dobi akamchora kwa mkaa kwenye ukuta wa duka. Halafu chama chetu cha ngoma kikamtaka. Kwetu Usukumani, mavuno yakiisha, vyama viwili vinacheza uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Watu wanakwenda wanakovutiwa, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Wapinzani wetu wanacheza na chatu. Sisi tukasema tutaleta mwenye joho, na atakayevaa ni mimi. Dobi akashona joho kwa blanketi jekundu na kitambaa kwa kaniki, akavipiga pasi ya mkaa kama nguo za bwana mkubwa.

"Usiseme neno," akaniagiza. "Yeye hasemi."

Wiki ileile gari la sinema likaja. Giza lilipoingia wakatundika shuka, na nani akatokea? Mwenye joho! Anatembea, anaruka kweli. Tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Mwishoni akasimama mbele ya mwanamke, akavua kitambaa.

Mzungu. Nywele kazichana upande kama karani.

Manju wa wapinzani, kiongozi wa ngoma yao, akadakia, "Dobi! Ndiye ndugu yenu huyo? Mfulie shati basi!"

Uwanja mzima ukacheka. Dobi akasema polepole, "Huyo siye." Wakazidi kucheka, hata wale waliokula ugali wakimsikiliza miezi yote ile! Nilimrukia mmoja, wakanishika.

Dobi akaniambia, "Tukishindwa ngoma ya Jumamosi, narudi Masumbwe. Siwezi kufulia watu wanaoniita mwongo."

Jumamosi nikaingia uwanjani na joho langu, kimya kama alivyosema. Wapinzani wakaanza: "Vua! Vua tumwone Mzungu!" Watu wetu wakacheka, wakaanza kuhamia kwenye chatu, mmoja mmoja, kisha makundi. Nikamwona dobi anaangalia chini.

Damu ikanipanda. Nikakivua kitambaa, nikakitupa.

"Nitazameni! Mzungu yuko wapi hapa? Mama yangu anauza karanga Didia! Na wewe manju, chatu wako umemng'oa meno, unatutisha na mkanda wa suruali!"

We! Watu waliangua kicheko, wakarudi mbio, wakamwacha manju na nyoka wake. Tulishinda waziwazi. Wakanibeba mabegani.

Niliposhushwa nikamkuta dobi amekiokota kitambaa, anakung'uta vumbi, anakikunja pembe kwa pembe.

"Tumeshinda!" nikamwambia. "Hakuna wa kukuita mwongo tena!"

"Umeshinda wewe," akasema. "Kila mtu alikuwa anamwona ndugu yake mle ndani. Sasa watakuona wewe tu."

Nilikasirika! Nimepigana kwa ajili yake, ananijibu hivyo? Lakini kweli, mwaka uliofuata hakuna aliyemtaka mwenye joho. Walimtaka kijana wa matusi, yaani mimi.

Masumbwe hakurudi, anafua palepale. Kila mavuno nakwenda kwake kuomba kile kitambaa. Ananikaribisha, ananipa chai, joho ananipigia pasi mpaka linang'aa. Kitambaa hanipi.