Mama na Mkutano Mkuu wa Wamarekani

Harufu ya udaga hunirudisha Morotonga, kiangazi kile nilipokuwa darasa la tano. Mihogo iliyovundikwa ilianikwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, na uchachu wake uliingia mpaka kwenye mablanketi. Mama hakuwa na muda wa kuigeuza, maana alikuwa anagombea. Yeye na Mama Ghati, rafiki yake aliyeuza naye vitenge meza moja pale sokoni Mugumu, wote wawili walikuwa wameomba chama chao kiwasimamishe udiwani. Hawakugombana hata kidogo. Walikubaliana kwamba atakayepita atapigania bomba la maji kutoka bwawa la Manchira, kwa sababu kata nzima ilikuwa imechoka kunywa maji ya kisima kimoja na ng'ombe.

Wakati huohuo Mjomba Marwa, kaka yake mama anayeishi Kehancha, upande wa Kenya, alikuja kutusalimia na redio yake. Jioni alitafuta matangazo ya Kiingereza na kututafsiria habari za mkutano mkuu wa chama kimoja cha Marekani. Nilipenda kusikia jinsi wajumbe wa kila jimbo walivyosimama kwa zamu kutangaza kura zao, kwanza wakijisifia milima na mahindi ya kwao. Mama aliuliza, "Kwani mshindi hajulikani?" Mjomba akacheka. "Anajulikana kitambo, dada. Wananchi walishapiga kura huko majimboni. Zamani wajumbe ndio walikuwa wanavutana hapo ukumbini mpaka apatikane mtu. Siku hizi wanakuja kumthibitisha tu, na kupatana." Kisha ikasikika sauti ya yule aliyeshindwa, akiwasihi wafuasi wake wamuunge mkono mwenzake, na ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Mama aliweka kisu cha viazi chini. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema. "Mimi nikishindwa nitasimama vilevile, nimwombee Mama Ghati kura mbele ya watu." Mama Ghati, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda kando yake, akampiga kofi la paja. "Na mimi hivyo hivyo, dada yangu."

Wajumbe wa kata walikutana katika darasa la shule yetu, nasi watoto tukajazana madirishani. Mama Ghati alipita kwa kura chache. Mwenyekiti akamwita mama aseme neno. Aliinuka, akajifunga kitenge vizuri, nami nikadhani anakwenda mbele. Akageuka na kutoka nje bila kumtazama mtu. Nyumbani baba alimsihi, "Rudi, Mama Robi. Bado hawajatawanyika." Mama akajibu, "Nirudi nikachekwe?" Asubuhi Mama Ghati alikuja akapiga hodi mpaka sauti ikamkauka. Mama hakufungua.

Watu waliompenda mama walielewa wenyewe, ingawa hakuwaambia kitu. Siku ya uchaguzi wengi wao walikwenda shambani badala ya kupiga kura, na Mama Ghati akashindwa na mgombea wa chama kingine ambaye hata njia ya kisimani kwetu hakuijua. Baadaye Mama Ghati alihamishia biashara yake kwa dada yake huko Isebania, Kenya. Miaka ikapita, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Mama alivuka mpaka kwenda kwake mara moja tu, tulipoletewa habari za msiba wake, akakuta wameshamzika. Majuto ni mjukuu, na huyo mjukuu mama amemlea mpaka uzeeni.

Leo ninafundisha uraia Tarime, na mama ninaishi naye. Bomba lilifika Morotonga watoto wa rika langu wakiwa wazazi. Wanafunzi wangu huitazama mikutano ile ya Marekani kwenye simu na kuniuliza, "Mwalimu, kama mshindi keshajulikana, maputo yote yale yanayomwagwa ukumbini ya nini?" Nawaambia kwamba aliyeshindwa naye anahitaji mahali pa kusimama. Katika uchaguzi wao wa karibuni nilimwonyesha mama hotuba ya mmoja wa walioshindwa. Aliishika simu kwa mikono miwili mpaka mwisho, ingawa Kiingereza hakijui.

"Huyu akishamaliza kusema hivyo," aliniuliza, "moyo wake unakuwaje?"

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui," alisema, akanirudishia simu. "Mimi nilitoka kabla sijasema."