Beji ya Tumboni

Kazi yangu ni kupiga picha za eksirei katika hospitali moja ya pwani ya Lindi, na sehemu ya kazi hiyo isiyonipendeza hata kidogo ni kuwauliza wanawake kama wana mimba. Nauliza kwa sababu mionzi si ya kuchezewa karibu na mtoto aliye tumboni. Wao wananitazama kama nimewavua nguo sokoni. Kwetu mimba changa haitangazwi. Inafichwa mpaka ijionyeshe yenyewe, maana mahasidi wapo na vijicho havina likizo.

Nilikuwa nawakasirikia sana. Nina hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja uso. Kisha jambo hilohilo likanifika mwenyewe.

Mimba mbili zilikuwa zimeshanitoka. Ile ya pili niliipokea kwa furaha ya kitoto, nikamwambia kila mtu kazini, nikanunua mpaka kofia za kichanga. Ilipotoka, watu walewale walikuja kunipa pole, na kila pole ilinichoma. Kwa hiyo nilipomwambia mama, ambaye anaishi nami na mume wangu, kwamba nina ya tatu, aliacha kukuna nazi akanishika mkono.

"Safari hii mwanangu, asijue mtu. Wallahi, asijue mtu."

"Kazini kuna sheria, mama. Ukijijua tu, unamwambia mkuu wako."

"Sheria ndiyo itakayokuzalia?"

Niliogopa pande zote mbili. Niliogopa mionzi, ingawa nilijua vizuri kwamba nyuma ya ukuta wetu wa kinga inayonifikia ni kidogo mno. Na niliogopa midomo ya watu, ingawa nimesoma na sikutakiwa kuiogopa.

Asubuhi yake aliletwa binti kutoka Somanga, anakohoa, kashikwa mkono na mama mkwe wake. Daktari alitaka picha ya kifua. Nilimwamkia yule mama, akaniitikia marahaba, nikauliza swali langu.

"Hana," akajibu mama mkwe.

"Namuuliza yeye, mama."

"Na mimi nakujibu. Naishi naye nyumba moja, nikose kujua?"

Nikamwomba atupishe. Akasema hatoki. Hapo nikakunja ule uso wangu wa kuzaliwa nao, nikamwambia picha haipigwi mpaka atoke. Akatoka anasonya.

Binti alikaa akisokota pindo la khanga. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama mwezi ule siku zake zilikuja. Akatikisa kichwa. Mwezi uliopita je? Akatikisa tena. Alikuwa hajamwambia mtu, hata mumewe, kwa kuogopa isije ikaharibika. Kisha akaniinulia macho.

"Dada, ingekuwa wewe, ungesema?"

Nilikuwa na jibu la darasani tayari mdomoni. Nikaliacha, nikasogea karibu naye.

"Ninayo," nilimwambia. "Na leo naenda kusema."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Picha haikupigwa. Nilimfuata daktari, nikamweleza faraghani, akaamua waanze na kipimo cha makohozi. Mama mkwe aliambiwa picha imeahirishwa, basi. Nami nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wetu kabla ujasiri haujaniishia.

Mkuu wetu ni mtu mzima wa Kilwa Kivinje, mpole, hasemi neno kabla hajafuta miwani. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama mlangoni. Akafuta miwani.

"Alhamdulillahi. Hapa kazini nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi ibaki hivyo. Sheria inataka nijue mimi. Mtaa haikuutaja."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Siku ileile aliwaambia wenzangu kwamba nitahamia kwenye kompyuta, nipange picha na kupokea wagonjwa, kwa kuwa kazi zimerundikana. Wala hakudanganya, zilikuwa zimerundikana kweli. Mwenzangu mmoja alininunia, eti napendelewa, na mimi nikakaa kimya. Anayenijua atakwambia hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote.

Kisha mkuu akanipa beji ya pili. Ya kwanza tunavaa wote kifuani. Ni kidude cha plastiki kinachopokea mionzi inayomfikia mtu, na kila baada ya muda hupelekwa kusomwa. Hii ya pili nilitakiwa kuibana tumboni, ndani ya nguo, mtu asiione.

Mama aliiona jioni nikibadilisha nguo. Nilipomweleza ni nini, akaelewa papo hapo kwamba nimesema.

"Umemwambia! Mwanamume wa watu!"

"Na yeye hakumwambia mtu, mama."

Aliichukua beji, akaigeuzageuza.

"Kwa hiyo hii si yako."

"Ya mtoto."

Akakaa kitandani. "Hajapata jina, keshapata beji," alisema, akaifuta kwa pindo la khanga.

Tangu hapo alinikagua kila asubuhi kabla sijatoka, kama nimeibana sawasawa. Kila beji iliposomwa, majibu yalikuja mazuri. Wakati ule ambao zile mbili zilinitoka ulifika, ukapita, na mimi nikaanza kulala usingizi wa kweli. Tumbo lilipogoma kufichika, yule mwenzangu aliyenuna alikuja na embe mbichi na chumvi, tukasameheana bila maneno mengi.

Mtoto alizaliwa Ijumaa, wa kike, uso kaukunja. Mama alitaka beji izikwe pamoja na kitovu. Nikamwambia haiwezekani, lazima irudi ikasomwe mara ya mwisho. Akanuna, akajifunga khanga, akasema basi ataipeleka yeye.

Wenzangu ndio walionisimulia. Aliingia na beji kaifunga kwenye kitambaa cheupe, akapita foleni nzima ya wagonjwa, akasimama mbele ya dirisha la mapokezi. Mama yangu, yuleyule wa asijue mtu, akapaza sauti mpaka walioko nje wakageuka.

"Nimeleta beji ya mfanyakazi wenu mdogo," alisema. "Amefika nyumbani salama."