Figo Yangu Ilikwenda Walikale

Mwaka wa pili baada ya kumpa kaka yangu figo yangu moja, alinidanganya, na mimi nilikuwa mtu wa mwisho nyumbani kujua.

Operesheni ilifanyika India. Tuliporudi Sake, alikokuwa na duka, nilimweleza mambo polepole, maana mimi ni muuguzi na kueleza hakunichoshi. Kinga ya mwili ni kama mbwa wa nyumba, nikamwambia. Figo hii ni mgeni. Dawa unazomeza asubuhi na jioni zinamfunga mbwa asimng'ate mgeni. Lakini mwizi naye akija, atamkuta mbwa amefungwa.

Kwa hiyo nikamwomba jambo moja tu: asishuke Walikale. Kwetu Sake, milimani Masisi, ni baridi, mbu ni wachache. Kule msituni ni joto, na wako mbu wanaouma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Akaahidi, mke wake akisikia.

Mwaka wa pili akasema anakwenda hospitali ya Kirotshe, huku huku milimani, kupimwa. Zikapita wiki mbili. Siku zile mapigano yalikuwa yakifunga barabara, na hakuna aliyemuuliza mtu kwa nini amechelewa. Alirudi na homa, viungo vikimuuma hata kushika kikombe hawezi. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mkojo ukapungua. Tukamkimbiza Goma.

Daktari akaniuliza mimi. "Mama, alisafiri? Alishuka kule kwenye joto?"

"Hapana, dokta. Kirotshe tu." Nilijibu kwa uhakika kabisa.

Akanieleza kama ambavyo mimi ningemweleza mtu. Huenda mwili umeanza kuikataa figo; hapo dawa za kufunga kinga huongezwa. Au ni virusi vya mbu, kama chikungunya au dengi. Hapo dawa hupunguzwa, mwili upate nguvu ya kupigana. Tukikosea, tunaweza kumpoteza. Kwa kuwa hakuondoka milimani, akaandika dawa iongezwe.

Mke wa kaka alinifuata kwenye korido, akanishika mkono.

"Wifi, usinikasirikie. Hakwendaka Kirotshe. Alikuwa Walikale, kwa mambo ya madini ya kasiterite."

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi wote. Hata mama. Alisema tukikuambia, utamufunga kamba kama mbuzi."

Nilirudi kwa daktari mbio, nikamwambia kwamba nilimpa jibu la uongo nikidhani ni kweli. Alichana ile karatasi, akaandika nyingine. Kama unauguza mtu wa namna hii, taja kila mahali alipolala, na kabla ya kutaja, uliza watu wawili.

Homa ilishuka taratibu. Figo ilibaki ikifanya kazi, ila si kama zamani. Siku alipoweza kuinuka na kuketi kitandani, nilimuuliza kwa nini.

"Figo ulinipatia, dada," akasema akicheka. "Miguu ni yangu."

"Hata mama ulimfundisha kunidanganya?"

"Ningekuambia, ungeniacha niende?"

"Hapana."

"Njo maana sikukuambia."

Nililia mbele yake, naye akaacha kucheka. Daktari aliingia na daftari lake, akaanza kuuliza kaka amekula nini, amemeza dawa saa ngapi, nani alikuja kumwona. Kwa mazoea wote, hata mke wa kaka aliyesimama mlangoni, walinitazama mimi. Nikamvutia wifi kiti ili ajibu yeye, nikatoka nje.